Skrini za kidijitali na vifaa vya urambazaji kwa ndege ndogo: ulinganisho kwa mmiliki wa Cessna wa Afrika Mashariki

Ndege nyingi ndogo zinazoruka kutoka Wilson ya Nairobi, Arusha, Zanzibar au Kajjansi ya Uganda ni Cessna za miaka mingi, za aina ya 172, 182 na 206. Injini zake zimefanyiwa ukarabati mkubwa zaidi ya mara moja, lakini paneli ya vyombo imebaki karibu kama ilivyotoka kiwandani. Mmiliki anapofikia uamuzi wa kuweka skrini za kidijitali hukutana na ulinganisho mwingi ulioandikwa na marubani wa Marekani kwa ajili ya marubani wa Marekani. Ulinganisho huo ni wa kweli kwa anga la kwao. Kwetu, sehemu ya sifa zinazopandisha bei ya kifaa haifanyi kazi kabisa, na sifa nyingine ambazo kule hutajwa kwa mstari mmoja ndizo zinazoamua kama ndege itaruka au itakaa hangani ikisubiri kipuri. Makala hii inalinganisha vifaa vinavyopatikana sasa kwa kuangalia anga letu, viwanja vyetu na karakana zetu.

Kwanza, kinachoondolewa

Paneli ya kawaida ya Cessna 172 ina vyombo sita vya msingi: kipima kasi, upeo wa bandia (unaoonyesha mkao wa ndege), kipima mwinuko, kionyesha kugeuka, kionyesha mwelekeo, na kipima kasi ya kupanda na kushuka. Upeo wa bandia na kionyesha mwelekeo huendeshwa na jairo, yaani magurudumu madogo yanayozunguka kwa kasi, zinazozungushwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye pampu ya vakyumu iliyofungwa kwenye injini. Pampu ya aina kavu ina mapezi ya kaboni yanayoweza kuvunjika bila dalili yoyote ya awali. Ikifa, jairo haisimami papo hapo bali hupunguza kasi polepole, na upeo wa bandia huanza kuinama taratibu huku ukiendelea kuonekana mzima. Rubani aliye ndani ya wingu anaweza kuufuata hadi ndege ipinduke.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya skrini ya kidijitali ni kuondoa pampu hiyo, mabomba yake na uzito wake, na kuweka mahali pake vihisi visivyo na sehemu inayozunguka. Faida hii hupatikana hata kwa kifaa kidogo na cha bei nafuu kuliko vyote. Ninaisisitiza kwa sababu wamiliki wengi huanza na swali la ukubwa wa skrini, ilhali usalama mwingi zaidi hupatikana katika hatua hii ya mwanzo na ya gharama ndogo.

Vifaa vya kuingia kwenye tundu la zamani: AV-30, G5 na GI 275

Tundu la kawaida la chombo kwenye paneli lina kipenyo cha inchi 3 na moja ya nane. Vifaa vitatu vinavyojadiliwa zaidi vimeundwa vikae hapo hapo, bila kukata paneli upya.

uAvionix AV-30-C ndicho cha bei ya chini kati ya vitatu. Kinaweza kuwekwa mahali pa upeo wa bandia au mahali pa kionyesha mwelekeo, na ukiweka viwili unaweza kutoa pampu ya vakyumu. Kwa ndege inayoruka kwa kuona tu, yaani rubani akiongozwa na anachokiona nje, ambayo mmiliki wake anataka kuachana na jairo za zamani bila kuingia katika mradi mkubwa, kinatosha. Udhaifu wake uko upande wa mwelekeo: bila kihisi cha sumaku kinachouzwa kando, rubani hulazimika kuulinganisha na dira ya sumaku mara kwa mara, kama alivyofanya kwa jairo ya zamani.

Garmin G5 ilipata idhini kwa ndege zenye cheti, yaani zilizojengwa kiwandani chini ya idhini ya mamlaka, mwaka 2016, na imeenea sana tangu hapo. Skrini yake ni ya inchi 3.5, umbo lake ni la karibu mraba, na huendeshwa kwa kitufe kimoja cha kuzungusha. Betri yake ya akiba hudumu hadi saa nne, muda unaozidi mafuta yaliyobaki katika safari nyingi za ndege ndogo. Ukifunga G5 mbili, moja ikiwa upeo wa bandia na nyingine ikiwa HSI, yaani chombo kinachounganisha mwelekeo wa ndege na mstari wa njia, basi ya chini hubadilika na kuwa upeo wa bandia iwapo ya juu itakufa. Gharama inayosahaulika ni ya viungo vyake. HSI inahitaji kihisi cha sumaku, GMU 11, ambacho hufungwa ndani ya bawa au mkia, mbali na nyaya za umeme mwingi, na mara nyingi inahitaji pia kiunganishi cha GAD 29 ili izungumze na kifaa cha urambazaji. Bei ya kifaa kwenye tangazo ni sehemu tu ya ankara ya mwisho.

Garmin GI 275 ilitoka mwaka 2020. Ni ya duara, skrini yake ni ya kugusa, na inaweza kupangiwa kazi nyingi tofauti: upeo wa bandia, HSI, kipima mwenendo wa injini, au kionyesha njia peke yake. Ikifungwa kama upeo wa bandia hubeba betri ya ndani ya dakika 60. Inaweza kuonyesha sura ya ardhi kwa picha ya kompyuta, jambo ambalo G5 haiwezi. Zaidi ya hapo, inaweza kuzipa baadhi ya otopailoti (mifumo inayoiendesha ndege yenyewe) za zamani taarifa za mkao wa ndege ambazo awali zilitoka kwenye jairo. Mwenye Cessna 210 au Beechcraft Baron iliyo na otopailoti ya zamani inayofanya kazi vizuri aizingatie sana hoja hii, kwa sababu kubadilisha otopailoti peke yake kunaweza kugharimu kuliko skrini zote.

Kati ya G5 na GI 275, kwa Cessna 172 au 182 isiyo na otopailoti ya kuhifadhiwa, mimi ningechagua G5 mbili. Saa nne za betri zina maana zaidi kwangu kuliko picha ya ardhi kwenye kioo chenye upana wa chini ya inchi tatu, na kitufe cha kuzungusha hushikika vizuri ndege inaporushwa na hewa ya mchana juu ya Bonde la Ufa. GI 275 inastahili bei yake pale inapookoa otopailoti, pale ndege ilipo nzito kuliko zile zilizo kwenye orodha ya idhini ya G5, au pale mmiliki anapotaka vipimo vya injini kwenye mfumo huo huo. Hoja ya mwisho si ndogo. Avgas, petroli ya ndege, kwetu ni ghali na haipatikani kila kiwanja, na kipima joto la kila silinda kinachomwezesha rubani kupunguza mafuta kwa usahihi akiwa futi 9,000 hurudisha gharama yake kwa njia ambayo skrini nyingine haiwezi.

Kuna pia Aspen Evolution, iliyoanza kuuzwa mwaka 2008, ambayo ni skrini ndefu ya wima inayofunika matundu mawili, la upeo wa bandia na la kionyesha mwelekeo. Ni kifaa kizuri na kinaelewana na otopailoti nyingi za zamani. Kwa anayeanza leo, hata hivyo, sioni sababu ya kukitanguliza kuliko GI 275 mbili, isipokuwa awe amepata kilichotumika kwa bei nzuri na chenye historia inayojulikana.

Skrini kubwa

Hatua inayofuata ni kung'oa paneli yote ya kushoto na kuweka skrini ya inchi 10. Hapa washindani wakuu kwa ndege za injini moja ni Garmin G3X Touch, iliyopata idhini kwa ndege zenye cheti mwaka 2019, na Dynon SkyView HDX, ambayo ilianza kuidhinishwa kwa Cessna 172 mwaka 2018. Zote mbili huonyesha kwenye kioo kimoja kasi, mwinuko, mkao, ramani inayosogea, ardhi na hali ya injini. Zote mbili zilizaliwa katika ndege zinazojengwa nyumbani, na ndiyo sababu bei yake iko chini sana kuliko mifumo ya kizazi kilichotangulia.

Tofauti kati yake haiko kwenye picha, kwa maana picha ya kila moja ni nzuri. Iko kwenye orodha ya ndege zilizoidhinishwa na kwenye wanaoweza kuihudumia. G3X Touch imeidhinishwa kwa mamia ya modeli za injini moja. Orodha ya Dynon ilianza ikiwa fupi zaidi, na mmiliki wa 206 au wa ndege isiyo ya kawaida athibitishe namba ya modeli yake kabla ya kulipa hata amana. Mfumo wa Dynon una ukarimu fulani: huja kama kifurushi kilichounganishwa pamoja na otopailoti yake, transponda yake (kifaa kinachojibu rada na kuitambulisha ndege) na vihisi vya injini, na kwa jumla hugharimu chini ya mfumo wa Garmin wenye uwezo unaolingana. Lakini karakana za Afrika Mashariki zilizozoea vifaa vya Garmin ni nyingi kuliko zilizozoea Dynon, na ndege iliyoharibikiwa Mwanza haisaidiwi na unafuu wa bei uliopatikana siku ya ununuzi.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulitambua wakiwa wamechelewa ni kwamba hakuna kati ya mifumo hii miwili ambayo GPS yake ya ndani inaruhusiwa kutumika kama chanzo cha kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje. Ramani inayopendeza kwenye kioo cha inchi 10 ni ya kuona tu. Anayetaka kufuata njia na taratibu za kutua kwa vyombo lazima anunue kifaa cha urambazaji chenye idhini na kukiunganisha. Kwa hiyo bei ya skrini kubwa ilinganishwe siku zote ikiwa na bei ya kifaa hicho juu yake.

G1000 ya Garmin ni jambo jingine. Huo ni mfumo wa kiwandani, uliofungwa kwenye Cessna 172 mpya tangu katikati ya miaka ya 2000, na baadaye kwenye Cessna Caravan ambazo wasafiri wa Serengeti na Maasai Mara wanazifahamu. Una skrini mbili za zaidi ya inchi 10, na moja ikifa nyingine hubeba taarifa zote muhimu. Kwa anayenunua ndege iliyotumika, ndege yenye G1000 ni chaguo zuri la mafunzo, kwa sababu mwanafunzi anayelenga mashirika ya ndege atakutana na mantiki hiyo hiyo mbele. Ubaya wake ni kwamba sehemu zake zimefungamana. Redio, GPS na skrini ni vipande vya mfumo mmoja ulioidhinishwa pamoja, na huwezi kuchomoa kimoja na kuweka cha kampuni nyingine. Kizazi cha kwanza kinazeeka, na anayenunua ndege ya namna hiyo aulize mapema kama imepandishwa hadi NXi, toleo lililotangazwa mwaka 2017, na kama sivyo, bei ya ndege ishuke kwa kiasi hicho.

Kifaa cha urambazaji: hapa ndipo fedha ipotee au iokolewe

Kwa zaidi ya miaka ishirini, Garmin GNS 430 ndiyo imekuwa sura ya urambazaji katika ndege ndogo duniani. Bado imejaa katika hanga zetu. Haitengenezwi tena, na vioo vyake vinazidi kuadimika, hivyo ikiharibika leo matengenezo yanaweza kushindikana hata kwa mwenye fedha. Mbadala wake mkuu ni Garmin GTN 650Xi na Avidyne IFD440, vyote viwili vikiwa na GPS, redio ya mawasiliano na kipokezi cha VOR (redio za ardhini zinazoonyesha mwelekeo) na ILS (mwongozo wa redio wa kutua) katika sanduku moja.

Ulinganisho wa Marekani huanza na uwezo wa kutua kwa utaratibu wa LPV, ambamo GPS humpa rubani mstari wa kuteremkia unaokaribia usahihi wa ILS. Uwezo huo hautokani na kifaa peke yake. Unategemea mtandao wa vituo vya ardhini na satelaiti zinazosahihisha ishara ya GPS: Marekani ina WAAS tangu 2003, Ulaya ina EGNOS, India ina GAGAN. Afrika Mashariki haina huduma ya namna hiyo iliyoidhinishwa kwa usafiri wa anga, na kwa hiyo utaratibu wa LPV hautumiki Nairobi, Dodoma wala Kigali. Rubani wetu mwenye kifaa cha bei kubwa hutumia GPS kwa mwelekeo wa mlalo, na hushuka kwa hatua akiangalia kipima mwinuko chake.

Je, basi inafaa kununua GNS 430 ya zamani isiyo na W (herufi ya toleo linalopokea WAAS), kwa kuwa WAAS haipo? Jibu langu ni hapana, na sababu yake haina uhusiano na LPV. Vipokezi vya kizazi kipya hutambua satelaiti yenye kasoro na kuitenga vyenyewe, hutoa nafasi ya ndege mara kadhaa kwa sekunde, na vinaweza kulisha transponda ya kisasa taarifa za nafasi zenye ubora unaotakiwa. Kipokezi cha zamani hutegemea zaidi ukaguzi wa uaminifu wa ishara, RAIM, ambao rubani hana budi kuutabiri kabla ya safari ya vyombo. Unalipia uaminifu wa nafasi, na huo unafanya kazi popote duniani.

Kati ya GTN 650Xi na IFD440, uamuzi hutegemea kilichopo sasa kwenye paneli. Avidyne waliiunda IFD440 iingie kwenye reli ile ile ya GNS 430W na kutumia nyaya zile zile kwa sehemu kubwa, hivyo kazi ya karakana hupungua sana. Aliye na 430 isiyo na W atahitaji pia antena mpya ya GPS juu ya paa la ndege. GTN 650Xi huhitaji nyaya zaidi, lakini ikiunganishwa na G5, GI 275 au G3X Touch pamoja na otopailoti ya GFC 500, vyote huelewana bila mabishano kati ya kampuni mbili kuhusu nani mwenye kosa pale kitu kinapokataa. Nimeona mabishano ya namna hiyo yakichukua wiki, na ndege muda wote huo ipo chini.

Upande wa matumizi, IFD440 ina sifa ninayoithamini sana: kila jambo linaloweza kufanywa kwa kugusa kioo linaweza kufanywa pia kwa vitufe. Anayeruka alasiri kando ya ukingo wa Ngong au karibu na miteremko ya Meru anajua kwamba kidole hakitui pale kilipolengwa. GTN ina kioo kizuri zaidi na mpangilio ambao marubani wengi hujifunza kwa muda mfupi, ila sehemu kubwa ya kazi zake iko kwenye kioo cha kugusa.

Asiyehitaji redio mpya anaweza kuangalia Garmin GPS 175, ambayo ni GPS peke yake yenye idhini ya kuruka kwa vyombo, au GNX 375, ambayo huunganisha GPS hiyo na transponda. Ni nyembamba na bei yake ni nafuu kwa kiasi kikubwa. Ikiwa ndege tayari ina redio na kipokezi cha VOR kilicho imara, huu ndio ununuzi wenye busara zaidi katika orodha yote. Sharti ni hilo la kipokezi cha VOR. Ishara ya GPS inayofika ardhini ni hafifu mno na huweza kuzuiwa kwa kifaa kidogo, iwe kwa makusudi au kwa ajali. Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mombasa, Nairobi na Entebbe zina VOR na ILS, na anayeng'oa kipokezi chake ili kupata nafasi ya skrini anajiondolea njia ya pili ya kurudi nyumbani.

Kabla ya kuondoka kwenye vifaa hivi niseme neno kuhusu hifadhidata. Taarifa za urambazaji hubadilishwa kila siku 28, na kwa anayeruka kwa vyombo zinapaswa kuwa za wakati huo. Michango ya mwaka ni gharama ya kudumu inayopaswa kuingizwa kwenye hesabu. Hakikisha eneo unalolipia ni lile linalojumuisha Afrika, kwa kuwa vifaa vilivyotumika vinavyoagizwa kutoka Marekani mara nyingi huja na eneo la Amerika. Hifadhidata ya ardhi na vizuizi pia ina maeneo yake. Kifaa chenye ardhi ya Colorado hakitapaka rangi nyekundu juu ya Mlima Kenya wenye mita 5,199 hata ukielekea kwake moja kwa moja. Ikiwa sahihi, rangi hizo ni msaada mkubwa: kwenye vifaa vya Garmin, njano huonyesha ardhi iliyo chini ya ndege kwa kati ya futi 100 na 1,000, na nyekundu huonyesha iliyo karibu zaidi ya hapo au iliyo juu ya ndege. Viwanja vidogo vya hifadhi na vijiji vingi havimo kwenye hifadhidata yoyote, kwa hiyo jaribu jinsi kila kifaa kinavyoruhusu kuingiza na kuhifadhi nukta zako mwenyewe. Kwa rubani wa hapa, urahisi wa jambo hilo una uzito kuliko ramani ya trafiki.

Transponda

Hapa ulinganisho ni mfupi. Marekani inaruhusu ADS-B, mfumo ambao ndege hutangaza nafasi yake kwa redio, kwa masafa mawili, megahezi 1090 na 978, na vifaa vya 978 ndivyo vya bei ndogo. Masafa ya 978 hayatumiki nje ya Marekani. Nunua 1090 pekee, kwa mfano Garmin GTX 335. GTX 345 huongeza uwezo wa kupokea, lakini taarifa za bure za hali ya hewa zinazosifiwa sana hurushwa kutoka vituo vya ardhini vya Marekani, nazo hazitafika hapa kamwe. Utakachopokea ni ndege nyingine zinazorusha moja kwa moja kwa 1090. Karibu na Wilson, ambako ndege za mafunzo, za watalii na za mizigo hukutana kwenye njia zile zile, hilo peke yake linaweza kuhalalisha tofauti ya bei. Kwa ndege inayokaa Songea au Lodwar, halihalalishi.

Tabuleti na vifaa vya mkononi

Tabuleti yenye programu ya ramani ni msaidizi mzuri na isihesabiwe kuwa zaidi ya hapo. Apple huweka mpaka wa joto la matumizi ya iPad kuwa nyuzi 35, na kifaa kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele cha ndege iliyoegeshwa kwenye jua la Garissa hupita hapo kabla injini haijawashwa, kisha hujizima. Garmin aera 760, yenye kioo cha inchi 7, imeundwa kwa mazingira ya ndege na huvumilia joto vizuri zaidi. Kwa mmiliki mwenye bajeti ndogo, G5 moja mahali pa upeo wa bandia pamoja na aera iliyofungwa kwenye kishikio imara ni mpango wa heshima kabisa kwa kuruka kwa kuona, naye hahitaji kuomba radhi kwa mtu.

Umeme, vumbi na karatasi

Skrini zote hizi zinahamisha tegemeo kutoka kwenye pampu kwenda kwenye umeme. Cessna 172 za kabla ya 1978 hutumia mfumo wa volti 14, na zilizofuata hutumia volti 28. Vifaa vingi vya kisasa hukubali vyote viwili, lakini altaneta iliyochoka na waya wa ardhi wenye kutu havikubaliwi na kifaa chochote. Karakana inayoanza kwa kukagua altaneta, betri na nyaya za zamani kabla ya kutoa bei ndiyo ya kuaminiwa. Inayotoa bei ya skrini tu kwa simu itakuongezea ankara baadaye.

Vumbi la murram huingia kwenye matundu ya hewa ya vifaa vinavyohitaji feni, hivyo ulizia jinsi kila kifaa kinavyopozwa. Bomba la pitot, linalopima kasi ya hewa, nalo lina umuhimu mpya. Nyigu hujenga ndani yake katika muda mfupi wa ndege kukaa bila kifuniko, na katika mifumo kadhaa ya kidijitali kasi ya hewa hutumika pia kusaidia kukokotoa mkao wa ndege. Dynon kwa mfano hutumia kasi hiyo, na inapokosekana hutumia GPS kama mbadala. Wakati wa mafunzo ya mfumo mpya, mwambie mkufunzi akuonyeshe kila onyo linaloweza kutokea pitot ikiziba, na kipi kati ya vyombo vyako kitaendelea kusema kweli.

Mwisho ni idhini. Vifaa vingi vya kufungwa kwenye paneli vilivyotajwa hapa hufungwa kwa STC, yaani idhini ya nyongeza kwenye cheti cha aina ya ndege, ambayo kwa kawaida hutolewa na mamlaka ya Marekani au ya Ulaya. Ndege iliyosajiliwa 5H iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ya 5Y iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, na kazi lazima ifanywe na karakana yenye kibali kinachohusu vyombo vya umeme wa ndege, baada ya mamlaka husika kuikubali STC hiyo. Maombi hayo yaanze kabla ya kuagiza vifaa. Kazi ikiisha, mmiliki anapaswa kupokea hesabu mpya ya uzito na mizani, kiambatisho cha kitabu cha ndege kwa kila kifaa, kadi mpya ya usahihishaji wa dira, orodha mpya ya mzigo wa umeme inayoonyesha betri itadumu dakika ngapi altaneta ikifa, na michoro ya nyaya kama zilivyofungwa kwa hakika. Michoro hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi, na fundi wa Mwanza au Malindi atakayeitwa miaka mitano baadaye hataweza kufanya kazi yake bila hiyo. Kwa hiyo salio la mwisho la malipo libaki mkononi mwa mmiliki hadi michoro iwe ndani ya jalada la ndege.